Shairi Halipimwi kwa Debe

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekaa vinywani mwa Waswahili tangu zama ambazo duka lilijulikana kwa wateja waliorudi, wala si kwa kelele za mlangoni. Siku hizi wamezuka walimu wapya wanaotangaza kwamba methali hiyo imekufa. Kwao wao, kizuri kisichojitembeza hakipo, na shairi ambalo halikutazamwa mara elfu kumi katika simu za watu limezaliwa maiti. Malenga huambiwa afupishe beti zake, apachike muziki unaovuma, na kila siku atoe kitu, kiwe kibivu kiwe kibichi, mradi hesabu ipande. Hata katika mabaraza ya wenye matamasha, wenye vipindi na wenye kuchapisha vitabu limeanza kusikika swali linaloulizwa kabla ya mstari mmoja kusomwa: huyu ana wafuasi wangapi?

Swali hilo lina haki ya kupingwa. Na ajabu yake ni kwamba hoja nzito kuliko zote za kulipinga haitoki kwa wazee wa vina na mizani. Inatoka kwa bingwa wa hesabu hizo hizo, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwafundisha wafanyabiashara namna ya kuhesabu.

Bingwa huyo ni Avinash Kaushik, mchambuzi wa masoko ya kidijitali, mwandishi na mzungumzaji wa majukwaani. Asili yake ni India. Katika safari yake ya kazi alipita Saudi Arabia, katika kampuni ya usafirishaji ya DHL, akiifuata njia ile ya riziki ya Arabuni ambayo watu wa mwambao hawahitaji kusimuliwa. Huko Marekani alisomea shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafanya kazi Silicon Graphics, DirecTV na Intuit, na baadaye Google ikampa cheo ambacho kwa Kiswahili chake chepesi ni mhubiri wa masoko ya kidijitali. Aliandika vitabu viwili vilivyosomwa sana na watu wa kazi hiyo, Web Analytics: An Hour a Day mwaka 2007 na Web Analytics 2.0 mwaka 2009, na mapato yake ya vitabu hivyo akayaelekeza kwenye mashirika ya hisani.

Wakati aliotokea ndio uliomkuza. Mwaka 2005 Google ilinunua kampuni iliyoitwa Urchin, na mwaka huo huo ikaitoa programu yake ya kuhesabu wageni wa kurasa za intaneti bila ya malipo. Mizani iliyokuwa ya tajiri ikawa ya kila mtu. Na kama ilivyo desturi ya binadamu akipewa mizani ya bure, kila mtu akaanza kupima kila kitu, na wachache sana wakauliza kinachopimwa ni nini.

Kaushik alikuwa katika hao wachache. Jambo la kwanza alilolishambulia ni hesabu kubwa zisizo na maana. Zamani za mwanzo za intaneti watu walijivunia idadi ya maombi yaliyofika kwenye kompyuta inayohifadhi ukurasa. Lakini ukurasa mmoja wenye picha kumi, ukifunguliwa na mtu mmoja, huandikwa maombi kumi na moja: moja la ukurasa na kumi la picha. Mtu mmoja akawa kumi na mmoja, na mwenye ukurasa akalala usingizi akidhani ana umati. Kaushik aliitia hesabu hiyo katika kejeli, akaiita kipimo cha wajinga cha kupimia mafanikio. Jambo la pili alilolisisitiza ni kwamba anayehesabu aanze kwa kutaja anachokitaka, kisha atazame kilichotokea baada ya mgeni kuingia: alinunua, alirudi, alijifunza, au aliingia akatoka papo hapo? Na la tatu ni kanuni aliyoitangaza mwaka 2006, kwamba katika kila dola 100 za uchambuzi, 10 zitumike kununua vyombo na 90 zitumike kwa watu wenye akili za kuvifahamu.

Ndiyo kusema kwamba mwalimu mwenyewe alihubiri dhidi ya ibada ya tarakimu. Wanafunzi wake wa mbali, waliopokea maneno ya mkono wa tatu na wa nne, wakaichukua ibada na wakaliacha hubiri. Mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatwa na mingine, intaneti ilizidi kasi na simu ikawa kwa wengi ndiyo gazeti, ndiyo redio, ndiyo baraza. Hapo ndipo upigaji debe ulipohama kituo cha mabasi ukaingia katika fasihi.

Neno debe lina faida ya pekee katika mjadala huu, kwa kuwa lina kazi mbili. Debe ni chombo cha kupigwa ili kelele ziwaite abiria, na debe ni kipimo cha kupimia mahindi na maharage sokoni. Mpiga debe hajali gari linakwenda wapi; ujira wake ni viti vilivyojaa. Mpimaji naye akiwa mwaminifu debe husema kweli, na akiwa mwongo huliponda kitako likapunguza, au hushona gunia juu ya gunia likawa lumbesa. Wakulima wa vitunguu na viazi nchini Tanzania wanaijua lumbesa kwa uchungu: wanauza kilo nyingi kwa bei ya chache, na mizani ya kweli haionekani ila pale mzigo umeshakwenda.

Hesabu za simu nazo zina lumbesa yake. Wafuasi hununuliwa. Kutazama sekunde chache huandikwa sawa na kutazama hadi mwisho. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangazaji wastani uliokuzwa wa muda wa kutazama video, kwa sababu katika kuugawa wastani huo iliwaacha nje wale wote waliotazama chini ya sekunde 3. Watangazaji wenye mabilioni na wahasibu wao walipimiwa kwa debe lililopondwa. Malenga wa Makunduchi au wa Faza ana kinga gani?

Na madhara hayakukomea kwenye tarakimu. Yameingia katika lugha. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamefundishwa kwa miaka na miaka kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba moja haiwezi kutengwa na jingine bila ya kuiua kazi. Leo neno maudhui limechukuliwa na wauzaji likawa jina la chochote kinachotundikwa kwenye simu: tangazo la sabuni ni maudhui, mtu anayekula pilau mbele ya kamera ni maudhui, na shairi nalo ni maudhui. Fani imeachwa njiani kwa kuwa haina kipimo. Wafuasi, neno lililokuwa la mitume, la masheikh na la wenye njia, sasa ni la yeyote aliyebonyezwa kidole. Ushawishi, ambao katika ushairi ulikuwa kazi ya hoja na ya uzuri wa neno, umekuwa cheo cha anayelipwa aseme amekunywa soda. Mtu anapopoteza maneno yake hivi hivi, hupoteza na uwezo wa kueleza kile alichoporwa.

Mizani yoyote hujaribiwa kwa kupelekwa mbali na pale ilipotengenezewa. Basi na ipelekwe Masieda. Masieda ni kata ya Mbulu, katika mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, karibu na wilaya ya Hanang. Mbulu ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Pembeni mwao wapo Wadatooga wenye lugha ya Kinailoti, Wahadza wenye lugha ya pekee yenye sauti za kidoko, na majirani wa lugha za Kibantu. Ni sehemu chache duniani ambako jamii nne za lugha hukutana katika eneo dogo kiasi hicho, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha shuleni, sokoni na katika sala.

Mizani ya muuza matangazo itaona nini huko? Itaona simu, masikio haitayaona. Simu moja ikichezwa mbele ya watu saba waliokaa nje jioni, itaandika mmoja. Shairi lililosikika redioni, likashikwa kichwani na binti wa shule, akalisoma siku ya mahafali mbele ya kijiji, halitaandikwa popote. Aliyeinukuu beti kwa kalamu katika daftari kwa kuwa kifurushi kilikuwa kinaisha, ambaye bila shaka ndiye msomaji bora kuliko wote, atahesabiwa kuwa ametoka mapema. Tena kwa muuza matangazo, mtu wa kijijini asiye na fedha nyingi za kutumia ana thamani ndogo kuliko mtu wa mjini, hata akiwa amelielewa shairi mara mia zaidi. Shairi linalojipima kwa kipimo hicho limekubali, bila ya kujua, kwamba sikio la maskini ni nusu sikio.

Kumbe Masieda na nchi nzima ya Wairaqw ina mizani yake, tena ya zamani. Miongoni mwa Wairaqw upo utungo uitwao slufay, ulio dua na sifa kwa pamoja. Mzee husimama akatamka maneno ya kuitakia nchi amani, mvua na uzazi, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Mwitikio huo ni sehemu ya utungo wenyewe. Palipo na msemaji bila ya waitikiaji pana mtu anayezungumza peke yake. Wataalamu wa lugha na wa jamii wameuandika na kuuchambua utungo huo, lakini mwambao hauhitaji mtaalamu ili kuutambua udugu wake. Anayejua majibizano ya Mombasa, Lamu na Unguja, ambako malenga hutupa fumbo na mwenziwe akalijibu kwa vina vile vile, anajua kwamba ushairi huishi katika jibu.

Majirani wa Masieda wana ushahidi mwingine, ulio mzito zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Picha za tope lile zilizunguka simu za dunia nzima. Hesabu ya waliotazama ilikuwa kubwa, na kwa kipimo cha wapiga debe Hanang haijapata siku ya mafanikio kama ile. Upuuzi wa kipimo hicho hauwezi kuonekana wazi kuliko hapo. Hesabu ya watazamaji haisemi nani alituma blanketi, nani alichimba kaburi, nani aliyemkumbuka yatima mwaka uliofuata. Kaushik angeuliza swali lake lile lile: baada ya kutazama, nini kilifanyika? Mshairi naye ana wajibu wa kuuliza hivyo hivyo kuhusu kila ubeti anaoutoa.

Pwani yenyewe ina mashahidi wa kutosha. Utendi wa Mwana Kupona, ulioandikwa yapata mwaka 1858, ulitungwa na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake mmoja. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mmoja. Mshauri wa masoko angemwambia Mwana Kupona apanue soko lake kabla ya kuchovya kalamu, na utendi huo leo usingekuwa na ule ukaribu wa mama na mwana unaowafanya watu wausome baada ya zaidi ya miaka 160. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua akayakusanya na kumpa mmishonari W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, kiasi cha miaka 100 baada ya mauti ya mtungaji. Ni programu gani ya kuhesabu ingesubiri karne nzima ili iandike matokeo? Naye Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kwa miaka hiyo mitatu wasomaji wake walikaribia sufuri. Diwani ilipotoka mwaka 1973 ikapata, mwaka uliofuata, Tuzo ya Jomo Kenyatta, katika nchi ile ile iliyomfunga.

Watakuwapo wasemao kwamba hizi ni hadithi za waliokufa, na kwamba malenga aliye hai anakula. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Malenga wa visiwani alikuwa na soko tangu zamani. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikasafiri zaidi ya alikofika yeye. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka akatunza, na noti anayomtuza mwimbaji ni kipimo cha wazi ambacho hapana aliyewahi kukionea haya. Ushairi na fedha havikuwahi kuwa mahasimu.

Lakini zitazamwe mizani hizo mbili kwa makini. Aliyenunua santuri ya Siti alitoa fedha yake mwenyewe, akaibeba hadi kwake, akaicheza tena na tena mpaka sindano ikachakaa. Aliyeinuka kutunza alionekana na wote, na alitunza kwa sababu neno fulani, katika ubeti fulani, lilimfika yeye. Vipimo hivyo hupima kitendo cha aliyeguswa. Hesabu ya kutazamwa hupima kidole kilichopita. Anayemshauri malenga aache vya kwanza ashike cha pili hamtakii riziki. Anamhamisha kutoka katika biashara ya ushairi hadi katika biashara ya matangazo, ambamo mwenye faida ni mwenye jukwaa na malenga ni mahindi ndani ya debe.

Wala si kweli kwamba hapana njia nyingine. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwakalisha waamuzi wakasoma miswada, na mwaka 2015 diwani ya N'na Kwetu ya Mzanzibari Mohammed Khelef Ghassani ikashinda kwa upande wa ushairi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, nayo imewapa waamuzi kazi ya kusoma. Kusoma ni kazi ya polepole na ya gharama, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Basi kanuni ya kumi kwa tisini na ichukuliwe na wenye mabaraza ya ushairi kama alivyoitoa mwenyewe. Katika kila shilingi 100 itakayotengwa kwa ajili ya kuwafikishia watu mashairi, 10 ziende kwenye kamera, kurasa na matangazo. Tisini ziende kwa watu: mhariri atakayemrudishia kijana utungo wake na kumwonyesha pale mizani ilipovunjika, mwalimu wa shule ya kata atakayeanzisha chama cha wasomaji, mtangazaji atakayesoma barua za wasikilizaji na kuwajibu kwa majina yao, mwandishi atakayekaa na wazee wa Mbulu akayanukuu maneno yao kabla hawajaondoka nayo. Na anayetaka kuhesabu, ahesabu yale yanayostahili: beti zilizohifadhiwa kwa moyo, tungo zilizojibiwa kwa tungo, wasomaji waliorudi bila ya kuitwa.

Mahali pa kuanzia ni mlangoni, kwa swali linaloulizwa mtu anapoleta kazi yake. Kijana wa Masieda, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiiraqw ndiyo ya kwanza, akituma shairi Unguja au Mombasa, atakuwa amevuka bara zima la lugha ili lifike. Huenda hana wafuasi hata hamsini. Huenda katika shairi lake umo mwitikio wa slufay uliovaa vina vya pwani, kitu ambacho ushairi wa Kiswahili haujawahi kukisikia. Atakayemuuliza idadi ya wafuasi wake atakuwa ameshalifunga jalada kabla ya kujua kilichomo. Na shairi lisomwe kwanza.